Tanuri Linapokosa Pumzi: Gesi, Dohani na Hewa ya Ndani Wakati wa Baridi Kali

Kila mwaka ifikapo Januari, kliniki za miji ya kaskazini mwa Marekani na Kanada hupokea familia nzima zenye malalamiko yanayofanana: kichwa kinauma, mwili umechoka, kuna kichefuchefu, mtoto ametapika usiku. Msimu ni wa mafua, na jina la mafua huja upesi mdomoni mwa daktari na mwa mgonjwa. Hata hivyo hakuna homa. Hakuna makamasi, wala koo haliwashi. Baba anayefanya kazi ya zamu hupata nafuu akiwa kazini na kuzidiwa siku ya mapumziko. Mama anayeshinda nyumbani na mtoto mchanga ndiye aliye hoi kuliko wote. Muuguzi mwenye uzoefu huuliza swali moja ambalo halimo katika fomu nyingi: je, maumivu hupungua mkitoka nje ya nyumba? Jibu likiwa ndiyo, chanzo cha ugonjwa hutafutwa chini ya sakafu, katika chumba kidogo ambamo tanuri la gesi linawaka.

Swali hilo sasa linawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko zamani. Familia nyingi za Kikongo na Kirundi zilizoishi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, zimehamishiwa katika miji ya Marekani na Kanada; wanafunzi na wafanyakazi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wako huko pia. Wamekuta ndani ya nyumba chombo ambacho hawakulelewa nacho. Jiko la mkaa wanalijua, na onyo la kutolala nalo chumbani wamelisikia tangu utotoni, hasa wale waliokulia kwenye baridi ya Makete, Mbeya au Limuru. Tanuri halina makaa yanayoonekana, halitoi moshi machoni, na mwenye nyumba amesema lijiendeshe lenyewe. Ndiyo maana ndugu aliyeko Dar es Salaam au Bujumbura, akipigiwa simu na jamaa anayelalamika kwamba kichwa hakimwachi tangu baridi ianze, anaweza kuwa mtu wa kwanza kuuliza habari za nyumba badala ya habari za dawa.

Matanuri ya gesi ni ya namna mbili kwa jinsi yanavyopata hewa. Namna ya kwanza, iliyoenea zaidi katika nyumba mpya, imefungwa kabisa: bomba moja huleta hewa kutoka nje hadi kwenye moto, na jingine hutoa moshi nje. Mabomba hayo mara nyingi ni ya plastiki, na hutokea ukutani. Namna ya pili ni ya zamani na bado imejaa katika nyumba za kupanga: tanuri huchukua hewa ya mwako palepale lilipo, ndani ya nyumba, na kutoa moshi kupitia bomba la bati linalopanda hadi dohani. Anayetaka kujua ana namna gani aangalie mabomba. Akiona bomba moja tu la chuma linaloelekea juu, na hakuna bomba la kuleta hewa kutoka nje, basi tanuri hilo na watu wa nyumba hiyo wanavuta hewa moja. Makala haya yanahusu namna hiyo ya pili.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ikipata hewa ya kutosha huungua yote, ikatoa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na joto. Futi moja ya ujazo wa gesi huhitaji takriban futi 10 za ujazo wa hewa ili iungue kikamilifu. Na kwa kuwa hakuna moto unaochanganya hewa na gesi bila upungufu, vyombo hupewa hewa zaidi ya hiyo, na hewa nyingine huingia kwenye bomba ili kuutuliza mvuto wa dohani. Tanuri la kawaida la Btu 80,000 kwa saa huunguza karibu futi 80 za ujazo wa gesi kila saa. Hewa ya mwako mtupu ni takriban mita za ujazo 23; ukijumlisha ile ya ziada na ile ya bombani, hesabu hufika karibu mita 70. Hewa hiyo yote hutoka vyumbani, na nyingine sawa na hiyo sharti iingie kutoka nje kupitia nyufa za milango, madirisha na kuta. Isipoingia, mambo mawili huanza pamoja: moto hukosa oksijeni na kutengeneza kaboni monoksidi, na moshi hukosa nguvu ya kutoka.

Jinsi kaboni monoksidi inavyodhuru imejulikana tangu karne ya 19. Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha kwamba gesi hiyo hushika chembechembe nyekundu za damu na kuzinyima oksijeni. John Scott Haldane wa Uingereza, katika miaka ya 1890, aliivuta yeye mwenyewe huku akipima damu yake, kisha akapendekeza wachimba makaa wabebe panya au ndege wadogo ambao huzidiwa kabla ya binadamu. Himoglobini huipenda kaboni monoksidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo kinachovutwa kwa saa nyingi hujilimbikiza. Oksijeni iliyobaki nayo hung'ang'aniwa na himoglobini isiachiliwe kwa urahisi kwenye ubongo na moyo. Kijusi tumboni huathirika zaidi, maana himoglobini yake huishika gesi hiyo kwa nguvu na huchelewa kuitoa. Mama anaweza kujisikia nafuu ilhali mtoto bado yumo hatarini.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kampuni za gesi hutia kemikali yenye harufu kali, mfano wa mayai yaliyooza, ili gesi ikivuja kabla ya kuwaka ijulikane kwa pua. Kaboni monoksidi huzaliwa baada ya gesi kuwaka, na harufu hiyo huwa imekwisha kuungua. Pua iliyozoea kulinda nyumba dhidi ya uvujaji hailindi chochote dhidi ya moshi wa tanuri.

Nguvu ndogo ya dohani

Dohani ya kawaida haina feni. Moshi hupanda kwa sababu ni wa moto na mwepesi kuliko hewa ya nje, basi. Mvuto unaotokana na wepesi huo hupimwa kwa paskali chache tu, ilhali shinikizo la angahewa linalotuzunguka ni takriban paskali 101,000. Kwa maneno mengine, usalama wa usiku mzima wa familia hutegemea nguvu inayoweza kushindwa na pumzi ya feni.

Na feni ndani ya nyumba ya kisasa ni nyingi. Feni kubwa ya kuvuta moshi jikoni yenye uwezo wa futi za ujazo 400 kwa dakika huondoa takriban mita za ujazo 680 kwa saa, karibu mara kumi ya mahitaji yote ya tanuri letu la mfano. Mashine ya kukaushia nguo hupuliza hewa ya ndani kwenda nje muda wote inapozunguka. Feni za bafuni huongeza zao. Meko ya kuni sebuleni, ikiwashwa kwa ajili ya wageni, huvuta kupita zote kwa kimya. Kila hewa inayotolewa hutafuta mbadala wake kwa njia iliyo rahisi, na njia rahisi kuliko zote ikiwa madirisha yamefungwa ni tundu kubwa lililo wazi hadi juu ya paa: dohani yenyewe. Hewa baridi hushuka, moshi hurudi chumbani, na tanuri huanza kuvuta moshi wake lenyewe. Oksijeni katika moshi huo ni haba. Moto huzidi kuharibika, na kaboni monoksidi huongezeka kwa kila mzunguko. Chombo ambacho asubuhi kilikuwa kizima huwa jioni mtambo wa sumu, bila kifaa chake hata kimoja kuvunjika.

Jambo hili ndilo lisiloeleweka kirahisi, na ndilo lenye madhara makubwa. Watu hudhani hatari hutoka kwenye tanuri bovu. Mara nyingi hutoka kwenye nyumba iliyotengenezwa vizuri zaidi. Madirisha mapya yasiyopitisha upepo, povu lililojazwa kwenye nyufa, mlango wa chumba cha tanuri uliobadilishwa kwa mlango mzito usio na matundu, blanketi lililosokotwa chini ya mlango kuzuia baridi: kila kimoja ni jambo la busara kwa bili ya gesi, na kila kimoja hupunguza pumzi ya tanuri.

Kanuni ya Marekani ya gesi ya majumbani, inayojulikana kwa namba NFPA 54, hutoa kipimo cha kuanzia. Kila Btu 1,000 kwa saa za vyombo vyote vinavyochukua hewa ya ndani zihesabiwe futi 50 za ujazo wa chumba, yaani takriban mita za ujazo 1.4. Tanuri la Btu 80,000 likikaa pamoja na tangi la kuchemshia maji la Btu 40,000, hesabu ni futi 6,000 za ujazo, au mita 170. Hiyo ni nafasi ya nyumba ndogo nzima. Kabati la mita moja kwa mbili halikaribii hata kidogo. Kwa hiyo kabati hilo lazima lipumue kwa vyumba vingine kupitia matundu mawili, moja lianzie ndani ya inchi 12 kutoka dari na jingine ndani ya inchi 12 kutoka sakafuni, kila moja likiwa na inchi 1 ya mraba kwa kila Btu 1,000, na kamwe lisipungue inchi 100 za mraba. Kwa mfano wetu ni inchi 120 za mraba, sawa na shimo la sentimita 28 kwa 28. Tena kinachohesabiwa ni uwazi wenyewe. Mlango wa vibao vya mbao vilivyolala mshazari huchukuliwa kuwa na uwazi wa robo tu ya eneo lake. Ikiwa nyumba ni ndogo au imezibwa sana, hewa huletwa moja kwa moja kutoka nje kwa mabomba au matundu ya ukutani. Wapangaji wengi hukuta matundu hayo yanapuliza baridi na kuyaziba kwa matambara au mkanda. Ni kosa linaloeleweka, na fundi yeyote anayeyaacha bila kibandiko cha kueleza kazi yake amechangia.

Kuna udhaifu katika kipimo hicho unaostahili kusemwa wazi. Hesabu ya futi 50 hudhani kwamba nyumba inavuja hewa kwa kiasi cha kawaida. Nyumba iliyozibwa kwa ustadi inaweza kutimiza hesabu karatasini na bado dohani yake ikashindwa. Kwa sababu hiyo jaribio lina uzito kuliko hesabu.

Jaribio la siku mbaya

Jaribio hilo hufanywa na fundi, lakini mwenye nyumba au mpangaji anaweza kulidai na kulishuhudia. Milango na madirisha ya nje hufungwa yote. Feni za jikoni na bafuni, pamoja na mashine ya kukaushia nguo, huwashwa kwa pamoja kwa nguvu yake kubwa. Kisha chombo cha gesi huwashwa, na baada ya dakika 5 za moto mkuu fundi hushika njiti ya moshi karibu na uwazi wa kofia ya bati iliyopo mahali bomba linapoanzia. Moshi ukivutwa kuingia ndani ya kofia, dohani inashinda. Ukisukumwa kuelekea chumbani, dohani imeshindwa, na chombo hakifai kuwashwa tena hadi sababu ijulikane. Tangi la maji huonyesha hali hii kwa uwazi, kwa kuwa karibu yote ya zamani yana kofia iliyo wazi. Matanuri ya miaka ya karibuni yana feni ndogo ya kusukuma moshi kuingia bombani na swichi ya kuzima moto shinikizo lisipokuwa sawa, jambo linalosaidia lakini halilindi tangi la maji linalotumia dohani ileile.

Hapo pana mtego mwingine. Tanuri la zamani likiondolewa na kuwekwa jipya lenye mabomba ya plastiki, tangi la maji hubaki peke yake kwenye dohani iliyojengwa kwa vyombo viwili. Dohani inakuwa pana mno kwa moshi mchache. Moshi hupoa kabla ya kufika juu, mvuke wake hugeuka maji yenye asidi, na maji hayo hula saruji na matofali kwa ndani hadi vipande vidondoke na kuziba njia. Familia hufurahia tanuri jipya, kumbe sumu inatoka kwenye tangi ambalo hakuna aliyeligusa. Dawa yake ni kupitisha ndani ya dohani bomba jembamba la chuma linalolingana na tangi, na gharama hiyo iwemo katika bei ya tanuri jipya tangu mwanzo.

Bomba lenyewe husoma kama mgonjwa, kwa macho tu. Linapaswa kupanda kuelekea dohani, angalau robo ya inchi kwa kila futi, bila kulegea katikati. Viungo vifungwe kwa skrubu. Kutu nyeupe au nyekundu kwenye viungo, masizi juu ya kofia, rangi iliyoungua kwenye bati, na jasho zito lisiloisha kwenye vioo vya madirisha ni dalili kwamba moshi haupiti njia yake. Moto wa samawati ulionyooka ni mzuri. Wa manjano unaoyumba huitia nyumba shaka. Viota vya ndege huziba dohani wakati wa kiangazi na kugunduliwa baridi ya kwanza. Theluji nayo hufukia mabomba ya ukutani, hata yale ya matanuri yaliyofungwa.

Upande wa hewa ya joto una hatari yake. Feni ya tanuri huvuta hewa ya vyumbani, kuipitisha juu ya kuta za chuma zinazotenganisha moto na hewa hiyo, na kuirudisha vyumbani ikiwa moto. Mfereji wa kurudisha hewa ukipasuka ndani ya chumba cha tanuri, au mfuniko wa tanuri ukiachwa wazi, feni hiyo huvuta hewa ya chumba kilekile na kushindana na dohani, kisha husambaza moshi hadi vitandani. Swichi ya mfuniko iliyozibwa kwa mkanda ili tanuri liwake bila mfuniko ni jambo la kuzima chombo mara moja.

King'ora na mipaka yake

Kila orofa yenye vyumba vya kulala inahitaji king'ora cha kaboni monoksidi, nacho ni tofauti na kile cha moto. Wengi hawajui kimetengenezwa kungoja. Kwa viwango vya Marekani, hewa ikiwa na sehemu 70 katika milioni, king'ora hulia kati ya saa 1 na saa 4; kwa sehemu 150, kati ya dakika 10 na 50; kwa sehemu 400, kati ya dakika 4 na 15. Chini ya sehemu 30 hakitakiwi kulia hata baada ya siku nyingi. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limependekeza tangu 2021 wastani wa saa 24 usizidi miligramu 4 kwa mita ya ujazo, ambazo ni kama sehemu 3.5 katika milioni. Kati ya namba hizo mbili ndimo wanamoishi watu wenye maumivu ya kichwa ya majira yote ya baridi na king'ora kilichonyamaza.

Umeme ukikatika, tanuri huzimika kwa kuwa feni yake ni ya umeme, na hapo kishawishi cha jiko hurudi. Desemba 2006 dhoruba kubwa ya upepo ilikata umeme katika jimbo la Washington kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 200 walitibiwa kwa sumu ya kaboni monoksidi, wengi wao wahamiaji waliowasha mkaa ndani. Maonyo yalitolewa haraka kwa lugha kadhaa, baada ya wengi kuwa wamekwisha kufika hospitali.

King'ora kikilia, au familia nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja, watu wote hutoka nje kwanza, na simu ya 911 hupigwa wakiwa nje. Kufungua madirisha kisha kurudi kulala si tiba. Kutoka kuna maana nyingine pia: wazima moto hupima hewa kabla haijatawanyika, na kipimo chao huwa ushahidi kwa mwenye nyumba anayesita kulipa fundi.

Hospitalini, kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya asilimia 98 kwa mtu aliyezidiwa, kwa sababu mwanga wake hautofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile iliyotekwa. Damu lazima ipimwe kwa mashine inayozitenganisha. Tiba ni oksijeni safi kwa barakoa inayobana. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huondoka baada ya saa 4 hadi 6; kwa oksijeni safi ni takriban dakika 60 hadi 90. Wajawazito, waliozimia na wenye maumivu ya kifua hufikiriwa chemba ya shinikizo. Mgonjwa aliyechelewa kufika, au aliyepewa oksijeni njiani, anaweza kuwa na kipimo kidogo kisicholingana na madhara aliyopata, na matatizo ya kumbukumbu, mwenendo au kutembea huweza kuibuka siku au wiki kadhaa baadaye. Aelezwe hivyo yeye na anayeishi naye, kwa lugha wanayoielewa.

Kabla ya ruhusa kutolewa, daktari huuliza nani amebaki nyumbani na kama gesi imefungwa. Mara nyingi kuna bibi au mjomba aliyelala orofa ya juu, asiyejua Kiingereza, ambaye hakuna aliyemtaja kwa kuwa hakulalamika. Hupelekwa mtu kumtoa. Fundi wa kampuni ya gesi hufunga valvu, hutundika kadi nyekundu kwenye tanuri, na familia hulala kwa jamaa hadi jaribio la feni zote lirudiwe na moshi wa njiti uingie ndani ya kofia.